Chai ya Wenyeji Wetu

Anande mwanangu,

Sikuulizi hali, maana naisikia. Uko chumba cha pili unagombana na zipu ya sanduku, mama yako anakuambia utoe blanketi moja, na wewe unamwambia Dodoma usiku kuna baridi. Malizaneni wenyewe. Mambo ya blanketi, ya maji, ya chumba cha kupanga na ya usharika utakaosali, mama yako ameyasema wiki nzima na ameyasema vizuri. Mimi sitayagusa. Nimekuja kukaa huku verandani niandike jambo moja ambalo kila nikijaribu kukuambia kwa mdomo hasira inanitangulia, na wewe unaniambia, "Baba, presha," nami nanyamaza kama mgonjwa.

Kesho unakwenda kuwa katibu msaidizi wa kamati ya Bunge inayosimamia usalama wa ndani. Ni kamati ileile nilimoketi mimi wakati wa ubunge wangu wa kipindi kimoja. Watu wananipongeza njiani. Jana fundi viatu wa pale Sokon One amenishika mkono akasema mbegu ya mzee imeota palepale. Nilimshukuru. Nilipoondoka nilikuwa nauma meno.

Ulikuwa shule ya bweni wakati mambo yanatokea, na ulichopata ni vipande. Bibi yako alikupa kipande cha kunitetea, binamu zako wakakupa kipande cha kunisuta. Chukua sasa kitu kizima, uende nacho.

Unamjua Mama Joeli. Shamba lake linapakana na letu kule mlimani, migomba yake na yetu inaegemeana. Mwanawe Joeli alikuwa dereva wa bodaboda, anapandisha watu kutoka barabara ya lami kwenda vijiji vya juu. Jioni moja wanaume waliovaa kiraia walimchukua kijiweni mbele ya wenzake, wakasema wanamhitaji kwa mahojiano kuhusu wizi wa pikipiki. Mama yake akaenda kituo cha polisi. Hayupo. Akaenda kingine. Hayupo. Akaenda hospitali, akaenda mochwari, akarudi kituo cha kwanza. Hayupo, mama, na ukiendelea kutusumbua tutakuweka ndani wewe.

Kisha akatokea Elisante. Huyu alikuwa seremala kijana wa kijijini kwetu, aliyekamatwa katika msako wa siku hizohizo na kuachiwa asubuhi. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Joeli. Alimwambia, nimelala selo moja na Joeli, na amesema nikuambie usimuuze yule ndama mwekundu. Mama Joeli alikaa chini palepale. Habari ya kumuuza ndama ilikuwa ya mama na mwana, waliisema jikoni, na hapakuwa na mtu wa tatu. Ndiyo maana hakumtilia Elisante shaka hata siku moja, wakati sisi wenye elimu tulikuwa bado tunatafuta uthibitisho.

Mimi ndiye niliyeiomba kamati ije mkoani kwetu. Mimi ndiye niliyemshawishi Elisante aje kusema. Alikuwa anapiga randa ubao nilipomfuata, na hakuacha.

"Mheshimiwa, mimi nina kazi za watu hapa."

"Ni asubuhi moja tu."

"Na jioni yake?"

Nilimwambia kikao ni cha faragha. Waandishi hawaingii, simu zinaachwa nje, tunayoyasikia tunakatazwa na sheria kuyatoa. Yote niliyomwambia yalikuwa kweli. Nataka ulishike hilo, kwa sababu wewe ni mwanasheria na unaamini kwamba mtu anaponzwa na uongo. Elisante aliponzwa na maneno ya kweli matupu.

Sasa nikuambie kamati inavyosafiri, maana kwenye vitabu vyako vya chuo hayamo. Kamati ikifika mahali inapokelewa. Wanaoipokea ni wakubwa wa usalama wa mahali hapo, yaani walewale tuliokuja kuwauliza. Wao ndio wanaotoa magari ya kututangulia, walinzi, ukumbi, na chai. Tena chai ya kweli: supu, chapati, mayai, ndizi za kuchemsha na nyama. Kisha kikao kinapofunguliwa, hakuna anayewatoa. Wao ni wenyeji. Utamwambiaje mwenyeji atoke ndani ya nyumba yake? Wanapangiwa viti kando ya ukuta, wanakunja miguu, wanafungua shajara zao. Tulifunga mlango siku ile kwa ajili ya faragha, na tuliowafungia nje walikuwa waandishi, Mama Joeli, na wazee wawili wa kanisa waliomsindikiza.

Elisante aliingia amevaa koti la harusi ya kaka yake. Mwenyekiti wetu, mtu mcheshi, anayependwa na kila mtu, alimpokea vizuri mno.

"Karibu kijana wetu, jisikie uko nyumbani. Umekunywa chai?"

"Bado, Mheshimiwa."

"Jamani, wapeni chai watu wa mlimani, wasije wakasema Bunge lina njaa." Watu wakacheka. "Haya. Tunaanza na utambulisho, kama kawaida yetu."

"Naitwa Elisante."

"Elisante nani? Huku kwenu nikirusha jiwe linampata Elisante."

Wakacheka tena, na wa ukutani wakacheka pia. Elisante alitazama chini. Nikaona wanamchukulia kama kijana wa mtaani, mtu asiye na kwao, ambaye maneno yake yanaweza kupulizwa yakaondoka. Damu ikanipanda. Nikawasha kipaza sauti. Nikasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa ruhusa yako nimsaidie ndugu shahidi."

Nikamtambulisha, mwanangu, kama anavyotambulishwa mtu kwetu. Nikamtaja baba yake, na babu yake aliyekuwa mzee wa kanisa. Nikautaja ukoo wa mama yake. Nikasema kwao ni juu ya shule, ukivuka chemchemi unakata kushoto, nyumba ya pili baada ya mti mkubwa wa parachichi, na kwamba nyuma ya nyumba ya baba yake amejenga chumba chake mwenyewe kwa tofali za kuchoma, ndimo analala na ndimo anafanyia kazi. Nilisema hayo kwa fahari. Kwetu mtu akishatajiwa watu wake amekwisha kulindwa. Huwezi kumpiga, huwezi kumtukana, kwa sababu umeshajua utakayemjibu. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyokulea.

Kando ya ukuta mtu mmoja alikuwa anaandika. Nilimwona. Nikadhani anaandika kwa heshima.

Elisante akasema alichokiona. Alisema kwa sauti ndogo, bila kuongeza. Selo, ubao wa kulalia, Joeli amekaa pembeni akishika ubavu, habari ya ndama. Mwenyekiti akamshukuru, akasema tupumzike kidogo kwa chai kabla ya kuwasikia wenyeji wetu.

Linalofuata mama yako halijui.

Wakati wa chai, mkuu wa kituo kile alinifuata mezani. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye sauti ya kwaya. Aliniamkia ingawa tulikaribiana umri. Alinimiminia chai mwenyewe, akaniuliza sukari, akakoroga. Kisha akasema, akitazama kikombe, "Mzee wangu, mimi na wewe ni watu wazima. Yule kijana Joeli alilala kwangu usiku mmoja tu. Asubuhi walikuja wengine, wa kutoka juu, wakaondoka naye. Mimi ningefanyaje?"

Nilikunywa ile chai.

Tuliporudi ukumbini akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema mbele ya kamati, "Mheshimiwa Mwenyekiti, kijana anayeitwa Joeli hajawahi kuingia kwenye kituo changu." Akaketi. Hakunitazama.

Kipaza sauti kilikuwa mbele yangu, kilekile nilichokiwasha kumwelekeza kila mtu nyumbani kwa Elisante. Sikukigusa. Kwetu neno ulilopewa na mtu aliyekumiminia kinywaji humrushii usoni mbele za watu. Nimejiambia hivyo miaka yote, kwamba ilikuwa adabu. Nusu ilikuwa adabu. Nusu nyingine ilikuwa hofu, na hizo mbili zikivaa koti moja huwezi kuzitofautisha, hata wewe mwenyewe uliyezivaa.

Kikao kilipofungwa tulipiga picha ya pamoja. Hilo ndilo linaloniamsha hadi leo. Tulitoka nje kwenye ngazi, wajumbe katikati, wenyeji kulia na kushoto, na Mwenyekiti akaita, "Shahidi wetu yuko wapi? Njoo mbele, usiogope." Elisante akasimama mbele, na koti lake la harusi. Faragha hiyo.

Haukupita muda mrefu wakaja. Walipita juu ya shule, wakavuka chemchemi, wakakata kushoto. Jirani yake aliniambia kwamba kilichomtisha si silaha zao. Hawakuuliza njia. Kijijini kwetu hata daktari wa mifugo anauliza njia.

Alishtakiwa kwa uzururaji. Kijana aliyechukuliwa kwenye kitanda alichokichonga kwa mikono yake, ndani ya chumba alichokijenga, aliandikiwa kwamba alikutwa akizurura. Nimezoea maneno mengi ya serikali, mengine nimeyaandika mimi, lakini hilo sijalizoea. Alikaa mahabusu, kisha akarudi. Kidole gumba cha mkono wa kulia hakikunjiki. Seremala, Anande. Alikuwa ametia saini kwamba alimfananisha Joeli na mtu mwingine. Alipojaribu randa akashindwa, aliacha vifaa vyake kwa baba yake akaondoka. Mama yake anasema yuko salama, na hasemi ni wapi. Nami nimepoteza haki ya kuuliza watu wako wapi.

Nilipeleka jambo hilo Dodoma. Usije ukadhani sikufanya. Tulipoketi kuandaa taarifa ya ziara nilisema yote ya Elisante, nikagonga meza. Mwenyekiti alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole uleule, "Walijuaje nyumba yake, Mheshimiwa?"

"Walikuwa ukumbini."

"Na ukumbini nani aliitaja?"

Hakuna aliyecheka. Mjumbe mmoja alijifanya anatafuta miwani. Mwenyekiti akasema tusiwaaibishe wenyeji waliotupokea vizuri, tusije tukakosa ushirikiano mara nyingine, na kwamba tulitazame jambo hili kwa maslahi mapana. Wakaandika kwamba kamati imeridhishwa na hali ya usalama katika eneo hilo na inawashukuru wahusika kwa ushirikiano. Nikatia saini. Nilijiambia nikibaki ndani nitafaa zaidi kuliko nikitoka nje. Kila aliyeketi kwenye meza ile alikuwa anajiambia hivyohivyo, kwa hiyo tulikuwa chumba kizima cha watu wanaojitunza ili wafae baadaye.

Maslahi mapana. Mtu akikutamkia hayo huko uendako, muulize jina la mtu mmoja anayefaidika. Mmoja tu. Mimi naweza kumpa jina la aliyeumia, la mama yake, na la ng'ombe wao.

Kijijini hakuna aliyenitukana. Ungekuwa umelelewa kule badala ya hapa Njiro, penye kuta, ungejua kwamba matusi ni dalili nzuri. Unakumbuka mnada wa baada ya ibada, pale nje ya kanisa, watu wanaponunua sadaka za mavuno? Mtu akitaja bei ya mkungu wa ndizi, wenzake wanampandishia kwa utani. "Huyo ana wageni gani, mpandishieni." "Mbunge hali ndizi bila nyama, ongezeni." Kupandishiwa ndiyo kupendwa. Jumapili moja baada ya mambo ya Elisante nilitaja bei ya mkungu. Dalali akazungusha macho. Kimya. Watoto wenyewe walinyamaza. Akanipa mkungu kwa bei niliyoitaja, akasema "asante baba," akashika kuku. Nilirudi nyumbani na ndizi zangu begani kama mwizi aliyeruhusiwa kuiba.

Nilivumilia Jumapili nyingine, na nyingine. Uchaguzi ulipofika walinikataa kwa kura bila kelele. Ndipo tulipohamia huku mjini moja kwa moja. Ulipokuwa ukiniuliza kwa nini hatukai kule kwetu, hewa nzuri vile, nilikuambia habari ya hospitali kuwa karibu. Siku za mbingu safi nauona mlima wetu juu ya ukuta wa jirani na waya wake wa umeme. Naweza kukuonyesha kwa kidole msitu unapoishia na kahawa inapoanzia. Umri huu wote nimekuwa mkimbizi wa safari ya nusu saa.

Nimesoma sana tangu wakati huo. Unazijua rafu zangu, wewe na mama yako mmezipangusa vumbi. Nimesoma jinsi nchi nyingine zinavyowasimamia walinzi wao, kubwa na ndogo, za matajiri na za maskini, nikitafuta siri yao. Sheria zinafanana kuliko unavyodhani. Zinapoachana ni kwenye vitu ambavyo sisi tungeona aibu hata kuvijadili: nani anaketi ndani wakati shahidi anasema, nani analipia gari, nani anapika chai.

Usinielewe vibaya. Sikufundishi kuwachukia askari. Nyumba hii ilipovunjwa, aliyefika kwanza alikuwa konstebo kijana kutoka Daraja Mbili, kwa miguu, tochi yake haina betri, akaingia mbele yetu kwenye giza ambalo mimi sikutaka kuliingia. Nchi isiyo na watu kama yule imekwisha. Ni kwa ajili yake pia ninakasirika. Kwa maana tunapokubali kwamba wale waliovaa kiraia hawana jina, hawana kituo, na hawaulizwi, tunamwambia konstebo yule kwamba kuwa mwaminifu ni ushamba.

Sasa nije kwa Jumamosi, si ya wiki hii, ile ya kabla yake, na unisamehe kama nitayaeleza uliyoyaona, maana hukuyaona yote.

Mama Joeli alipofika getini na ndizi zake, mlinzi wa jirani alimwambia ndizi zinauzwa sokoni. Alimjibu, "Hizi haziuzwi, baba, hizi zinakuja kudai." Ukamfungulia wewe. Akaingia, akakataa kochi, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akakutazama.

"Nimesikia unakwenda kulekule."

"Ndiyo, mama. Jumatatu, si hii, ile inayofuata."

"Wewe ndiwe utakayefungua mlango?"

"Mimi ni katibu msaidizi tu, mama. Napanga ratiba, naita mashahidi, naandika kumbukumbu."

"Basi ndiwe." Akanigeukia. "Na huyu? Ameshakufundisha kutambulisha watu? Ni hodari sana baba yako."

Mama yako akashikwa na kikohozi. Mimi nikasema kwamba, kwa kuwa kamati inakuja tena huku, yeye asiingie ukumbini. Tutafute njia ya kupeleka maneno yake bila jina. Nilidhani nasema jambo la busara. Alicheka hadi akafuta macho kwa khanga.

"Bila jina? Kituo kile, askari akihamishiwa, anaonyeshwa choo, anaonyeshwa ghala la silaha, kisha anaonyeshwa mimi. 'Yule ni Mama Joeli, anakuja kila mwezi.' Jina langu wanalo. Mimi sina cha kuficha. Mwenye cha kuficha ni yule aliyekuwa zamu."

Ukamuuliza, kwa adabu yako ya kisheria, "Mama, una shahidi yeyote?"

"Nilikuwa naye mmoja."

Hapo, Anande, uliinua sufuria ya chai ukaenda jikoni kuongeza maziwa. Nilibaki na Mama Joeli na kikombe changu. Nilikuwa na maneno ya mkuu wa kituo mdomoni, tangu siku ile, na mama wa mtoto ameketi mbele yangu kwenye kiti cha plastiki. Nikamuuliza kama kahawa imezaa mwaka huu. Akasema imezaa kidogo.

Sikulala vizuri baada ya hapo. Alhamisi hii niliwaambia nakwenda benki. Sikwenda benki. Nilipanda kwetu. Nilimkuta Mama Joeli anakata majani ya ng'ombe, nikamwambia yote akiwa bado ameshika panga: chai, sukari, usiku mmoja, wengine wa kutoka juu. Nilitegemea atanilaani. Aliacha kukata.

"Usiku mmoja," akasema. "Alikula?"

"Sijui."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza."

Akaendelea kukata. Majani yakajaa, akayafunga. Nilimwambia nataka kuyasema haya mbele ya kamati. Nikaanza tena kumweleza, kwa kirefu, jinsi nilivyojisikia, jinsi nilivyonyamaza, jinsi ninavyojuta, na sauti yangu ikaanza kutetemeka vizuri, kama ya mhubiri.

"Acha," akasema. "Usiyamalizie kwangu. Mimi si kamati. Yapeleke yakiwa bado mabichi."

Kwa hiyo nimeomba kuitwa. Ombi langu lilikwenda Ijumaa, na kwa utaratibu wa ofisi yenu litapita mezani kwako. Nilichoambiwa kwenye chai hakikusemwa kikaoni, kwa hiyo hakuna sheria ya faragha inayonifunga. Kilichonifunga ni kikombe. Nitasema mkuu wa kituo aliniambia nini, kwa jina lake na cheo chake, na nitataka aitwe aulizwe ni nani walikuja asubuhi ile. Elisante sitamtaja. Anayetaka kujua mahali alipo Elisante atahangaika kama sisi wengine.

Sikuombi ruhusa. Nakuarifu, kwa sababu jambo hili linaweza kukugharimu kazi ambayo hujaianza, na si haki ulikute kwenye faili mbele ya wenzako. Waambie wakubwa wako siku ya kwanza kwamba shahidi huyu ni baba yako. Wakikutoa kwenye kikao hicho, toka, bila kununa. Watakuwa wamefanya sawa. Wakikuacha, basi fanya kitu kimoja ambacho mimi na wajumbe wote wa wakati wangu hatukukiweza. Kabla shahidi hajafungua mdomo, kabla ya chai, simama useme wenyeji wapishe. Watakuona huna malezi. Watauliza umetoka ukoo gani. Mwenyekiti atatania, na utani wake utakuwa mzuri, na utatamani kucheka ili chumba kilainike. Usicheke. Mama Joeli yuko nje anasubiri.

Kisha uniite mimi. Nikiingia usisimame, wala usiniamkie. Najua litakuuma, maana tangu unajifunza kusema hujawahi kunipita bila shikamoo, na mimi ndiye niliyekupiga mkono kwa hilo. Siku hiyo niache nisimame kama mtu yeyote. Niulize. Na mimi najijua: nitaanza kwa kumshukuru Mwenyekiti, nitamtaja baba wa mtu, nitaeleza ukarimu tuliopata. Nikate. Niulize tena, kwa sauti ileile, Joeli alilala wapi.

Baba